Zohali, Mwalimu Mkali: Vipindi vya Dhiki katika Unajimu wa Kihindi na Mafunzo Yake ya Kiroho

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii humpa ulimwengu hadhi ya mwalimu, lakini haimtaji mwalimu huyo kwa jina wala haielezi muhula wake wa kufunza huanza lini na kumalizika lini. Katika unajimu wa Kihindi, taaluma inayojulikana kwa jina la jyotisha, mambo hayo yote mawili yamebainishwa. Mwalimu anaitwa Shani, yaani sayari ya Zohali, na mihula yake imehesabiwa kwa miaka na miezi.

Makala haya yananuia kueleza vipindi vikuu vya Zohali katika unajimu huo, namna vinavyokokotolewa, masimulizi yanayovifafanua, na mafunzo ya kiroho ambayo wafuasi wake huyachota humo. Aidha, yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusiana na mada hii, maadamu lugha yetu ina hazina yake ya msamiati wa nyota iliyotokana na mawasiliano ya karne nyingi katika Bahari ya Hindi. Mwishowe yanajadili swali ambalo haliwezi kukwepwa: je, mafunzo hayo yana thamani yoyote kwa msomi asiyeamini kwamba sayari huendesha maisha ya mwanadamu?

Usuli wa Taaluma

Jyotisha ni mojawapo ya taaluma sita saidizi za Veda, maandiko makongwe ya Wahindi. Hata hivyo, ni vyema kutofautisha tabaka mbili za taaluma hii. Tabaka kongwe lilishughulikia kalenda, yaani mienendo ya jua na mwezi, ili makuhani wajue wakati mwafaka wa kufanya kafara. Ubashiri wa maisha ya mtu kwa kutazama hali ya anga alipozaliwa uliingia baadaye, na sehemu yake kubwa ilitokana na mawasiliano ya Wahindi na Wagiriki katika karne za mwanzo baada ya kuzaliwa kwa Kristo. Ushahidi upo katika lugha yenyewe: neno hora, ambalo ndilo jina la tawi hilo la ubashiri, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni saa. Kufikia karne ya 6, mwanazuoni Varahamihira alikuwa amekwisha kuyakusanya maarifa hayo katika vitabu ambavyo vinasomwa hadi leo.

Maarifa hayo hayakubakia India. Katika karne ya 8, wakati wa utawala wa Khalifa al-Mansur, kazi za falaki za Kihindi zilifikishwa Baghdad na kutafsiriwa kwa Kiarabu. Wanajimu wa Kiislamu waliyachanganya ya Wahindi, ya Waajemi na ya Wagiriki, na kutoka kwao elimu ya nyota ikasafiri hadi pwani ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana Mswahili anaita sayari hii Zohali, kutokana na Kiarabu Zuhal, na ana majina ya Mushtari, Mirihi, Zuhura na Utaridi. Kwa hivyo, Zohali ya Mswahili na Shani wa Mhindi ni watoto wa koo mbili zilizowahi kuoana.

Jina na Sifa

Jina Shani ni ufupisho wa neno la Kisanskriti linalomaanisha mwendaye polepole. Jina hilo halikuzuka hivi hivi. Kati ya sayari zinazoonekana kwa macho bila ya darubini, Zohali ndiyo iliyo mbali zaidi na jua, kiasi cha kilomita bilioni 1.4, nayo huchukua takriban miaka 29 na nusu kulizunguka jua mara moja. Mtazamaji wa kale aliiona ikijikokota mbinguni ilhali mwezi ukimaliza safari yake kwa siku zisizozidi 28. Mswahili asemapo polepole ndio mwendo, husifu. Mhindi aitajapo sayari hii kwa mwendo wake, husifu na kuogopa kwa pamoja, kwani mgeni aendaye polepole huchelewa pia kuondoka.

Katika masimulizi ya kidini, Shani ni mwana wa Surya, mungu jua, aliyezaliwa na Chhaya, ambaye jina lake lina maana ya kivuli. Huchorwa akiwa mweusi au wa buluu nzito, mara nyingi akimpanda kunguru. Madini yake ni chuma, siku yake ni Jumamosi, na vitu vyake ni ufuta mweusi na mafuta ya haradali. Husemwa kwamba hutembea akiwa ameinamisha macho, kwa kuwa akimtazama mtu humletea maangamizi. Hapa inafaa kutahadhari. Msomaji wa pwani anaweza kulifananisha jicho la Shani na kijicho, lakini kijicho huzaliwa na husuda, nalo jicho la Shani halina husuda. Shani ni hakimu. Kazi yake ni kumkabidhi kila mtu matunda ya karma, yaani matendo yake mwenyewe, yawe matamu au machungu.

Istilahi ya jumla ya sayari katika Kisanskriti ni graha, neno linalotokana na kitenzi cha kushika au kukamata. Neno letu sayari, kwa upande wake, linatokana na Kiarabu, na lina dhana ya kutembea. Tofauti hii ni ya kimsingi. Kwa Mswahili, Zohali ni kitu kinachosafiri, na kwa Mhindi, ni kitu kinachoshika. Ndiyo maana graha za Kihindi ni tisa, zikiwamo jua, mwezi na nukta mbili zisizoonekana ziitwazo Rahu na Ketu. Kigezo cha graha ni uwezo wa kumshika mtu.

Aina za Vipindi vya Zohali

Vipindi vinavyohofiwa ni vya aina tatu.

Kwanza ni sade sati, maneno ya Kihindi yenye maana ya saba na nusu. Anga imegawanywa katika buruji 12. Maadamu Zohali huzunguka zote kwa takriban miaka 29 na nusu, hukaa katika kila buruji kwa wastani wa miaka miwili na nusu. Mnajimu hutazama buruji ambayo mwezi ulikuwamo mtu alipozaliwa. Sade sati huanza Zohali inapoingia buruji iliyotangulia ile ya mwezi, huendelea inapopita katika buruji ya mwezi wenyewe, na humalizika inapotoka katika buruji inayofuata. Buruji tatu, kila moja kwa miaka miwili na nusu, hufanya jumla ya miaka saba na nusu.

Tuchukue mfano. Kwa hesabu ya Kihindi, Zohali iliingia buruji ya Samaki tarehe 29 Machi 2025. Waliozaliwa mwezi ukiwa katika Kondoo waliingia awamu ya kwanza siku hiyo, wa Samaki wakaingia awamu ya pili, nao wa Ndoo wakaingia awamu ya mwisho. Izingatiwe kwamba Wahindi hupima buruji kwa kufuata nyota zenyewe, ilhali wanajimu wa Magharibi huanzia mahali jua lilipo siku ya mlingano wa usiku na mchana wa mwezi Machi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili imefikia takriban nyuzi 24, na hivyo mtu aliyezoea kujiita wa Ng'ombe magazetini anaweza kuwa wa Kondoo kwa Wahindi. Isitoshe, magazeti hutumia buruji ya jua, nayo sade sati hutumia ya mwezi.

Sade sati ikiisha, hupita takriban miaka 22 kabla ya kurejea. Kwa mantiki hii, mtu aliyejaaliwa umri mrefu huipitia mara mbili au tatu. Kimapokeo, husemwa kwamba awamu ya kwanza hugusa mali na usingizi, ya pili hugusa mwili na moyo, na ya tatu hugusa familia na riziki.

Pili ni dhaiya, yaani miaka miwili na nusu. Hiki ni kipindi kifupi kinachotokea Zohali inapokuwa katika buruji ya nne au ya nane kutoka ile ya mwezi. Ile ya nane ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa kuwa huhusishwa na mabadiliko ya ghafla.

Tatu ni mahadasha, yaani zamu kuu. Mfumo huu hautegemei mahali Zohali ilipo leo. Maisha ya mwanadamu hukadiriwa kuwa miaka 120, nayo hugawanywa baina ya graha tisa: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mushtari 16, Zohali 19 na Utaridi 17. Zamu ya kuanzia huamuliwa na manzili ya mwezi mtu anapozaliwa, miongoni mwa manzili 27. Aliyezaliwa mwanzoni kabisa mwa manzili ya Mushtari huingia zamu ya Zohali akiwa na miaka 16 na kutoka akiwa na miaka 35, yaani ujana wake wote huwa chini ya mwalimu huyu. Aliyezaliwa mwanzoni mwa manzili ya Utaridi haifikii zamu hiyo mpaka atimize miaka 101. Wengi, basi, hufariki bila kuionja.

Ieleweke kwamba Zohali haihesabiwi kuwa mbaya kwa kila mtu. Huwa na nguvu njema katika Mizani, huwa nyumbani katika Mbuzi na Ndoo, na hudhoofika katika Kondoo. Wapo wanaosemwa kupata vyeo na heshima katika zamu yake. Linalokubaliwa na wote ni kwamba haitoi chochote bila jasho.

Kisa cha Mfalme na Kiti cha Chuma

Mafunzo ya Shani hayakuenezwa na vitabu vya hesabu. Yalienezwa na visa ambavyo hadi leo husimuliwa katika nyumba za waumini siku ya Jumamosi. Mashuhuri zaidi ni kisa cha Mfalme Vikramaditya wa Ujjain.

Inasimuliwa kwamba graha tisa zilibishana ni ipi iliyo kuu, zikamwendea mfalme aamue. Mfalme, kwa kuogopa kutamka, aliagiza viti tisa vya madini mbalimbali, kuanzia dhahabu hadi chuma, akazitaka zikae. Kiti cha chuma kilikuwa cha Shani, nacho kilikuwa cha mwisho. Shani akatambua kwamba amedhalilishwa. Alimkumbusha mfalme kwamba jua hukaa katika buruji kwa mwezi mmoja na mwezi kwa siku mbili na robo, lakini yeye hukaa kwa miaka, kisha akaenda zake.

Sade sati ya mfalme ilipowadia, alikuja mfanyabiashara wa farasi. Mfalme alimpanda farasi mmoja ili amjaribu, farasi akatoroka naye hadi msitu wa mbali na kutoweka. Mfalme akaingia mji asiojulikana, akakaribishwa na tajiri mmoja. Katika chumba cha tajiri, mkufu uliotundikwa ukutani ukamezwa na sanamu ya ndege mbele ya macho yake. Nani angemsadiki? Alishtakiwa kwa wizi, akakatwa mikono na miguu, akatupwa. Mkamuaji mafuta alimhurumia akamweka juu ya kinu amswage ng'ombe. Aliyekuwa akikalia kiti cha enzi akawa anazunguka kinuni mchana kutwa kwa miaka. Usiku mmoja aliimba, taa za mji zikawaka zenyewe, binti mfalme akasikia na kushikilia kwamba ataolewa na mwimbaji huyo peke yake. Kipindi kikatimia. Shani akamtokea, akamrudishia viungo vyake na kumwambia aombe lolote. Mfalme hakuomba mali wala kisasi. Aliomba kwamba mateso aliyoyapata yasimpate mtu mwingine.

Kisa hiki ni muhtasari wa falsafa nzima. Mfalme hakuua wala hakuiba. Kosa lake lilikuwa kupima ukubwa kwa thamani ya madini, na kudharau chuma ambacho ndicho kinachotengeneza jembe na kinu. Adhabu yake ilimpeleka kuishi upande wa pili wa kipimo chake: akawa mtu wa kinu, akaokolewa na mtu wa kinu.

Mafunzo ya Kiroho

Kutokana na masimulizi na desturi hizo, mafunzo manne yanajitokeza.

La kwanza ni uwajibikaji. Shani haleti jambo jipya ila hurejesha lililokwisha kutendwa. Muumini anayeingia sade sati hutakiwa kujihesabu kabla ya kumhesabu jirani.

La pili ni subira yenye kazi. Waswahili husema subira huvuta heri, lakini kauli hiyo yaweza kueleweka vibaya kuwa ni kukaa na kungoja. Subira ya Shani ni ya kinu: mtu huzunguka pale pale, na mafuta hutoka.

La tatu ni unyenyekevu. Shani ndiye mwakilishi wa wazee, vibarua, maskini na walemavu. Ndiyo sababu tiba zinazopendekezwa na wanajimu waadilifu ni za utumishi: kuwalisha wenye njaa, kutoa ufuta na mafuta, kuwatendea haki wafanyakazi wa nyumbani. Mwenye dhiki huambiwa aende kwa mwenye dhiki zaidi yake.

La nne ni utambuzi wa mpito. Dhiki iliyopewa jina na muda huwa na mpaka. Mtu anayeambiwa kwamba amebakiza miaka miwili hupata jambo ambalo mwenye dhiki isiyo na jina hana, yaani sababu ya kuendelea. Waswahili hueleza hali hii wasemapo baada ya dhiki faraja. Methali yetu haitaji tarehe. Mnajimu huitaja, na hapo ndipo uzito na hatari yake vinapokutana.

Tahakiki

Hatari hiyo ni bayana. Hofu ya Shani ni mtaji wa walaghai. Mwenye shida huambiwa kwamba nusura yake ni kito cha yakuti ya buluu cha bei kubwa, na posa huvunjwa kwa sababu ya chati. Katika kijiji cha Shani Shingnapur jimboni Maharashtra, imani hiyo imezaa jambo la ajabu: nyumba nyingi zimejengwa bila milango, kwa kuaminiwa kwamba Shani mwenyewe humwadhibu mwizi, na mwaka 2011 benki moja ilifungua tawi lisilo na kufuli. Hata hivyo, katika hekalu la hakimu huyo huyo wa haki, wanawake walizuiwa kukaribia jiwe lake hadi Aprili 2016, baada ya mahakama kuu ya Mumbai kusisitiza haki yao ya kuingia. Ni dhahiri kwamba binadamu huweza kumtukuza mwadilifu na papo hapo kukiuka uadilifu.

Kuhusu ukweli wa ubashiri, mjadala umekuwa mkali ndani ya India yenyewe. Mwaka 2001 tume inayosimamia vyuo vikuu iliidhinisha kozi za jyotisha, wanasayansi wakapinga mahakamani, na mwaka 2004 mahakama ya juu ikakataa kuingilia uamuzi huo. Mwaka 2008 mwanafalaki Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu 27 chati za watoto, baadhi wakiwa wanafunzi hodari na wengine wenye ulemavu wa akili, wabainishe ni zipi za kundi lipi. Matokeo yao hayakuwa bora kuliko ya kurusha sarafu.

Lipo pia pingamizi la kimaadili. Ikiwa kila dhiki ni tunda la matendo ya mtu, basi mgonjwa na maskini wataambiwa kwamba wamejitakia, na jamii itajivua wajibu wake. Pingamizi hili ni zito. Jibu lake limo ndani ya kisa chenyewe. Mkamuaji mafuta hakumuuliza mfalme alitenda kosa gani. Alimwokota kwanza. Na mfalme, aliyekuwa na kila sababu ya kusema kwamba wengine nao waonje, aliomba wasionje. Mapokeo yanayomfundisha mtu kujihukumu yanamfundisha pia kutomhukumu aliyeanguka.

Suala la Istilahi

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mada hii inaibua tatizo la tafsiri. Unajimu wa Kiarabu uliifanya Zohali kuwa nuhusi kubwa na Mushtari kuwa saadi kubwa, na msamiati wetu wa nuhusi, nuksi, mkosi na kisirani umebeba mtazamo huo. Akitafsiri sade sati kuwa miaka saba na nusu ya nuksi, mfasiri atakuwa ameeleza hofu ya watu na kuacha mafunzo yao. Nuksi humwangukia mtu bila sababu, na dawa yake ni kuizingua. Kipindi cha Shani kina sababu, na dawa yake ni kukipitia. Istilahi kama muhula au zamu zinafaa zaidi. Muhula una mwalimu, mtihani na mwisho, nayo zamu humfikia kila mtu kwa wakati wake.

Hitimisho

Imebainika kwamba vipindi vya Zohali katika unajimu wa Kihindi vimejengwa juu ya mwendo halisi wa sayari, juu ya hesabu ya kimapokeo, na juu ya masimulizi yenye maadili. Mwendo wa sayari unathibitika kwa darubini. Ubashiri umejaribiwa na haukuthibitika. Maadili hayahitaji darubini wala chati. Asiyeamini nyota anaweza kuyakubali au kuyakataa kwa vipimo vya dini na dhamiri yake, na yeyote aliyewahi kupita katika miaka migumu atayatambua.

Jambo moja halipaswi kusahauliwa. Kiti cha chuma kiliwekwa mwisho na mfalme mwenye hekima, mbele ya mashahidi, bila ya yeye kutamka neno la dharau. Viti vya namna hiyo huwekwa kila siku majumbani, maofisini na hata vyuoni. Shani wa masimulizi haulizi mtu amesema nini, bali huuliza amemkalisha nani wapi.

Maswali ya Kujadili

1. Linganisha dhana ya graha na ya sayari. Je, lugha huathiri namna jamii inavyoelewa bahati na dhiki?

2. Jadili ufaafu wa istilahi nuksi, muhula na zamu katika kutafsiri sade sati.

3. Tafuta kisa kimoja cha jamii yako kinachohusu mkuu aliyeshushwa kisha akarejeshwa. Mafunzo yake yanatofautiana vipi na ya Vikramaditya?